Motokaa ya Bwana Retzlaff Inakohoa

Jumatatu, 2 Juni 1913

Naanza daftari hili kwa moyo mzito. Motokaa imekohoa tena.

Tulitoka shambani vizuri, Bwana Retzlaff kwenye usukani, mimi pembeni yake na kofia yangu. Tulipoanza kupanda kutoka mtoni, ikasita. Ikaruka. Ikapiga mlio kama wa bunduki, wanawake wakatupa mikungu ya ndizi wakakimbia, ikazima. Nilishuka nikazungusha hendeli mpaka bega likauma. Kimya!

Akaitwa Lesikar. Huyu ndiye mchunga maksai wa shamba, Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mrefu, mpole, mwenye tabia mbaya ya kutonicheka. Angenicheka ningemchukia bila taabu. Alifunga maksai wawili mbele ya motokaa, akatuvuta polepole hadi nyumbani, watu wakitoka migombani kututazama. Njia nzima nilijifanya nakagua gurudumu.

Mimi ni Elinaza, mtunza motokaa. Hapa kwetu Meru hakuna mtunza motokaa mwingine. Nazungusha hendeli, nasafisha, namimina petroli, nalinda. Motokaa yenyewe si changa. Bwana aliinunua Tanga kwa mtu aliyeichoka, ikaja mpaka Moshi kwa treni, rangi imebabuka, kiti kimoja kinatoa manyoya. Lakini ni motokaa.

Jioni Bwana kaniita. Jumamosi ya wiki ijayo mama yake mzazi anafika Moshi kwa treni. Atamfuata kwa motokaa, si kwa gari la ng'ombe. Tukikwama njiani, kipande changu cha kazi, ile karatasi inayonikinga nisichukuliwe, kitarudi bomani, nami nitapelekwa miezi mitatu kwenye mawe na mizigo ya barabara pamoja na wengine. Nilisema ndiyo, Bwana.

Kaka yangu Elirehema alichukuliwa kubeba mizigo mwaka juzi. Hakurudi. Mtoto wake alizaliwa miezi miwili baadaye na hajui sura ya baba yake. Hanna, mke wangu, atajifungua Agosti. Naogopa. Sijamwambia mtu, ila daftari.

Jumanne, 3 Juni

Nimegundua! Ni baridi. Mwezi huu mlima hauonekani kwa ukungu, hata kuku wanachelewa kutoka. Injini imepata mafua.

Tangu jana jioni nimeifunika kwa blanketi la Hanna. Hanna aliuliza yeye atajifunika nini. Nilimweleza kwamba kila mtu ana sehemu yake katika kazi hii. Leo asubuhi motokaa imewaka, imekohoa mara tano, imezima. Na blanketi linanuka. Bwana amesema Ulaya kuna baridi kali kuliko hapa, na motokaa zinakwenda. Hilo nilipaswa kuambiwa mapema.

Mchana wakaja wagonjwa wangu. Watu wa huku wanateswa na funza. Wanaingia chini ya kucha, kidole kinavimba, mtu anatembea kwa visigino. Mimi niligundua, mwezi wa nne, kwamba matone mawili matatu ya petroli yanawamaliza. Leo kaja Mzee Sifael mwenyewe, mzee wa kanisa, kashikwa mkono na wajukuu wawili. Nilimpa shikamoo, nikamkalisha juu ya debe tupu, nikamwosha vidole vyote kumi. Sikupima kwa matone. Kwa mzee wa kanisa huwezi kupima kwa matone. Akaniombea kwa sauti. Akasema mikono yangu imebarikiwa.

Watu wanane kwa siku moja. Wananiita mganga! Hanna amepokea ndizi, maziwa na kibuyu cha asali.

Debe la petroli limepungua sana. Nimejazia maji, kama kawaida. Tena si maji ya hovyo. Ni ya mfereji wetu, ya zamu ya ukoo wetu, yametoka mlimani moja kwa moja. Na motokaa yenyewe hunywa maji, kila asubuhi naimiminia ndoo nzima pale mbele. Yakiifaa mbele, yataidhuru nini nyuma?

Alhamisi, 5 Juni

Ubaya uko kwenye ngozi.

Bwana alinipa ngozi laini ya kuchujia petroli kabla ya kuimimina. Zamani ilikuwa inachuja vizuri. Siku hizi imekuwa kaidi. Petroli inapita nusu, halafu kinabaki kidimbwi kimetulia juu ya ngozi, hakipiti ng'o. Nimekikamua. Nimekingoja nusu asubuhi. Hakipiti. Ngozi imezeeka.

Nimeiweka kando, nimechana kipande cha kaniki ya zamani nikatumia hicho. Lo! Yote imepita mara moja. Ngozi nimempa Hanna afutie vikombe.

Tumejaribu motokaa baada ya chakula. Ilikohoa mpaka mbwa wa Bwana akaingia chini ya kitanda. Hii yaonyesha kwamba dawa imeanza kufanya kazi, maana ugonjwa hupamba moto kabla ya kupoa.

Bwana amefungua kitabu chake kinene. Kitabu kinasema injini hutaka vitu vitatu: moto, hewa na petroli. Chochote kikikosekana, itasita na kuruka. Ataviangalia vyote, kimoja kimoja. Nimemshauri tuanze na hivyo viwili vya kwanza. Petroli naitunza mwenyewe.

Jumamosi, 7 Juni

Leo moto.

Bwana alifungua zile plagi nne zinazotoa cheche. Zilikuwa nyeusi. Alinipa nizisugue, nami nilizisugua kwa majivu na mchanga mpaka zikang'aa. Kisha akasema lazima tuhakikishe cheche inafika. Mtu mmoja azungushe hendeli, mwingine atazame waya. Nilimwambia Lesikar ashike waya, kwa kuwa ana mikono mikubwa. Alisema hashiki kitu asichokijua tabia yake. Mwoga! Mbele ya Bwana na watu wote nikaushika mimi, huku Lesikar akizungusha.

Sijui niliangukaje. Nilijikuta kwenye maua ya Bwana, kofia iko mbali, ulimi una ladha ya chuma. Bwana alisema moto ni mzuri. Akaandika kwenye karatasi yake. Lesikar alinisaidia kuinuka na kunipangusa majani mgongoni. Asingenipangusa ningejisikia vizuri zaidi.

Mkono wa kulia unatetemeka bado. Naandika kwa shida. Lakini nimechangia.

Jumatatu, 9 Juni

Leo hewa. Tumefungua pua ya injini, tumepuliza, tumetoa nyigu mmoja aliyekufa. Nilishangilia. Ndiye! Nilimfunga kwenye jani nimwonyeshe Hanna. Tukawasha. Ikakohoa vilevile, mara saba mpaka getini. Nyigu nimemtupa.

Zimebaki siku tano.

Halafu limetokea jambo la kuudhi. Motokaa imesimama kivulini, chini yake panadondoka tone moja moja, kwenye ile skrubu ya chini ya tangi. Maksai mmoja wa Lesikar akaja, akainamisha kichwa, akaanza kulamba pale chini. Ng'ombe analamba motokaa ya Bwana! Nilimfukuza kwa kitambaa. Lesikar akaja, akachuchumaa, akakinga tone kwa kidole, akanusa. Akasema petroli ng'ombe haikaribii hata kwa kiu.

Nilimwambia ng'ombe wake hawana adabu ndiyo maana wanalamba chochote. Akaondoka.

Nimefikiri mchana wote. Nani anafaidika motokaa ikizima? Anayevuta! Kila ikikwama, sifa zinakwenda kwa maksai. Sasa nitalala mchana na kukesha usiku. Hapana, hilo halitawezekana, Bwana ataniona. Basi nitamwangalia Lesikar kwa jicho moja nikiwa nafanya kazi.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwangalia siku mbili. Amekamua ng'ombe. Amemtoa maksai mwiba kwatoni. Amekaa kwenye jiwe akatengeneza mshipi wa nira. Mtu mwenye hila kubwa sana, hafanyi lolote.

Wagonjwa kumi na mmoja. Wengine wametoka mbali, huko Lemara, wamesikia habari zangu. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, miguu ya mtoto imevimba, analia bila sauti kwa kuchoka. Nilimtibu, akalala palepale. Nani angemrudisha yule? Hata Bwana, angemwona, asingemrudisha. Ila si lazima aone.

Debe la mwisho nimelifungua. Nimejazia.

Alhamisi, 12 Juni

Lesikar kanijia nikiwa peke yangu bandani. Aliniamkia kwanza, akauliza habari za nyumbani, za Hanna, za mimba, mambo yote kwa utaratibu. Kisha akasema kwao upande wa Oldonyo Sambu maji ni ya shida, na mengine yana magadi makali. Ng'ombe akianza kukohoa na kudhoofu hawaanzi na mapafu wala pembe. Wanamuuliza mchungaji: amekunywa wapi? Sasa yeye ananiuliza mimi, kwa amani, motokaa imekunywa wapi.

Nikaanza kufuta taa iliyokwisha kung'aa. Akaendelea. Alisema siku mbili zatosha. Tumwage yote, Bwana aambiwe madebe yalitoboka, yeye Lesikar atasema aliyaangusha kutoka kwenye gari la ng'ombe. Yeye hawezi kufukuzwa, maksai hawamkubali mtu mwingine. Bwana ataazima petroli kwa jirani yake wa upande wa mto Usa.

Daftari, nilitaka kukubali. Naandika ukweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nikaona itakavyokuwa: miaka yote baadaye Lesikar atakuwa ndiye aliyeiponya motokaa. Mchunga ng'ombe! Nikamwambia kila mtu abaki na mnyama wake.

Nilimsimulia Hanna jinsi nilivyomjibu. Sikupata sifa nilizotegemea. Aliweka mwiko chini. Aliniambia niende kwa Bwana usiku huuhuu nikaseme, kwa sababu yeye hataki kumlea mtoto peke yake, kama mke wa Elirehema anavyomlea wake. Kisha akaingia ndani. Nilikaa jikoni na moto ukazimika.

Sikwenda. Nina mpango bora.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango: uzito. Motokaa inasita kwenye kupanda, tambarare inajikaza. Kwa hiyo ni nzito mno! Nimetoa godoro la kiti cha nyuma, sanduku la spana, jeki, taa moja, na ile kamba nene ya kuvutwa. Kamba nimeitoa kwa furaha. Atuvute kwa nini sasa?

Nimeomba kwa dakika nyingi.

Jumamosi, 14 Juni

Tumeondoka kabla jua halijatoka. Ilikohoa kidogo, ikaenda. Mto wa kwanza tumevuka. Wa pili. Bwana akaanza kuimba kwa lugha yake, nami nikaimba kwa Kimeru, kila mtu wimbo wake. Nilikuwa na furaha.

Kikatiti. Pale pa kupanda, njia ikiinuka taratibu, kilima chenyewe si cha kukiandika. Ikasita. Bwana akakanyaga. Ikaruka mara mbili, ikapiga bunduki, ikarudi nyuma, ikazima. Nilizungusha hendeli mara sitini na nne. Bwana alihesabu kwa sauti.

Akataka sanduku la spana. Nikaeleza habari ya uzito. Akataka kamba. Nikaeleza tena. Alikaa kwenye kiti kisicho na godoro, akashika kichwa. Mama yake ni mzee wa miaka sabini, amesafiri mwezi mzima, na treni itamshusha kituoni pasipo mtu wa kumpokea.

Ndipo nikaona vumbi. Lesikar! Na maksai, na mnyororo. Hanna alimwendea jana jioni, akamwomba atufuate. Alitoka usiku wa manane ili asipitwe sana, nasi tulimpita gizani bila kumtambua. Hakuniangalia. Alimwambia Bwana, kwa Kiswahili chake cha polepole, kwamba kabla ya kufunga mnyororo angependa kuona motokaa imekunywa nini.

Bwana alifungua ile skrubu ya chini, akakinga kwa chupa ya bia, akaiinua kwenye jua. Chini maji. Juu petroli, kidole kimoja. Katikati mstari ulionyooka kabisa. Niliuona na mimi.

Bwana akaniuliza maji yameingiaje. Lesikar akainama kukagua mnyororo wake. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Nikasema ni umande. Bwana akauliza umande unawezaje kujaza chupa. Nikasema mwaka huu umekuwa mwingi sana.

Hakunipiga. Hakufoka. Ningependa angefoka. Lesikar akamwaga yote yaliyokuwa tangini na kwenye debe la akiba ndani ya debe moja pana, akaacha yatulie, kisha akachukua kibuyu na kuanza kuengua petroli kwa juu, kama mama zake wanavyoengua malai ya maziwa, bila kugusa maji ya chini. Mkono hautikisiki! Haikutosha mpaka Moshi, lakini ilitosha kufika kwa mzungu mwenye duka mbele kidogo, ambako Bwana alijua atapata nyingine.

Ikawaka kwa mzunguko mmoja. Haikukohoa. Injini ilinguruma vizuri sana, nikajikuta natabasamu.

Bwana aliniomba kipande changu, akakitia mfukoni. Jumatatu, bomani. Kisha akamwambia Lesikar apande, kwa kuwa lazima awepo mtu wa hendeli. Lesikar akapanda, akaishika fimbo yake wima katikati ya magoti. Wakapotea kwenye kona.

Niliachiwa maksai. Niliwaamuru waondoke, hawakuondoka. Niliwabembeleza. Baadaye sana walianza kwenda wenyewe nyumbani, nami nikawafuata.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Nilitegemea wagonjwa wangu watakwenda kwa Bwana kunitetea. Wako wengi, wangejaza kibaraza. Baada ya ibada nilisimama mlangoni. Mzee Sifael alipita akitembea wima, kwa nyayo nzima, bila kushikwa mkono. Aliniambia ataniombea. Wengine walikuwa na haraka. Walitembea vizuri wote.

Hanna amenikunjia nguo mbili na blanketi lile, bado lina harufu. Nilimwambia miezi mitatu si mingi. Akasema Agosti iko ndani ya miezi mitatu. Akalia, nami nikalia. Sikumlaumu kwa kumwendea Lesikar. Nilitaka, lakini sikumlaumu.

Alhamisi, 26 Juni. Kambi ya barabara, Kikatiti

Siku tisa za mawe. Mabega yamechubuka, sikuweza kuandika. Mtu aliyelala karibu nami alipata homa, akabebwa Jumatatu, hatujasikia habari zake. Nimekuwa nikimfikiria Elirehema, alilala wapi mara ya mwisho, na kama kulikuwa na mtu wa kumpa maji.

Leo, neema! Jana Lesikar alipita na gari la ng'ombe akasimama kuzungumza na nyapara wetu, Kisioki. Kumbe ni rika moja, walitahiriwa msimu mmoja, na kwa Waarusha rika lako akikuomba jambo huwezi kumnyima. Leo asubuhi nimetolewa kwenye mawe. Kwa kuwa najua kuandika, nimekabidhiwa banda la unga wa posho ya vibarua. Kisioki amesema lisipotokea lalamiko lolote mpaka mwisho wa Julai, ataniombea bomani niachiwe. Nitakuwa nyumbani mtoto akizaliwa!

Nililia mbele yao waziwazi. Lesikar, aliyelala hapa kambini, aliniomba kitu kimoja tu kabla ya kuondoka, nisiongeze wala nisipunguze chochote. Nilimwapia. Mimi sasa ni mtu mpya. Nimeelewa kabisa kosa langu: maji na petroli havichanganyiki.

Alasiri walikuja wake wa vibarua, watoto mgongoni, wametembea tangu alfajiri kuwaona waume zao. Wana njaa. Mmoja alisema nina sura ya mtu mwenye huruma. Nikampa kibaba kimoja. Mwingine akasema ataniita baba wa kambi. Walikuwa kumi na wanne.

Gunia limelegea, na Jumamosi Kisioki anapima. Lakini nyuma ya jiko kuna majivu mengi, meupe, laini. Nimeyachekecha mara mbili. Na majivu ni safi kuliko kitu chochote, yametoka motoni. Tena watu hutia magadi kwenye maharage kila siku, hakuna aliyelalamika. Na unga hauna injini. Nimechanganya ndoo mbili, nimetazama gunia kwa karibu sana, hakuna mstari.

Nimemwandikia Hanna anitegemee Agosti bila shaka yoyote.